Gari la kujiundia lenye bodi ya faibaglasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wamiliki na wauzaji wa Lubumbashi

Maswali haya ndiyo yanayowasumbua zaidi wenye magari ya kujiundia mjini Lubumbashi, hasa wanaotaka kuyauza au kuyanunua. Magari yenyewe ni machache na mafundi wanaoyajua ni wachache zaidi, kwa hiyo mwenye gari la namna hii hulazimika kujua mambo ambayo mwenye Toyota hana haja nayo. Majibu yamezingatia hali ya Haut-Katanga. Aliye Goma au Bukavu atayatumia karibu yote, isipokuwa yale yanayohusu Kasumbalesa, kituo cha mpakani na Zambia.

Gari la kujiundia ni gari la namna gani?

Ni gari ambalo kiwanda kidogo huuza bodi na baadhi ya vipande, kisha mnunuzi au fundi wake huviunganisha na injini, gia, breki na mara nyingi chasi ya gari jingine la kawaida, ambalo katika majibu haya tutaliita gari mama. Kwa miaka mingi gari mama lililopendwa kuliko yote lilikuwa Volkswagen Beetle, ile ambayo kwetu huitwa Coccinelle, kwa sababu bodi yake hufunguliwa bolti na kuinuliwa, na chini hubaki sakafu ya chuma yenye injini, magurudumu na usukani wake, tayari kupokea bodi nyingine.

Mmarekani Bruce Meyers, aliyekuwa na ujuzi wa kutengeneza mashua za faibaglasi, aliunda Meyers Manx ya kwanza, gari dogo la wazi la kuendeshea mchangani, huko California mwaka 1964, na baadaye akauza bodi za kufungwa juu ya chasi ya Beetle iliyofupishwa kwa takriban sentimita 36. Nchini Uingereza kilichowavuta watu kilikuwa pia kodi, kwani gari lililouzwa vipande vipande halikutozwa kodi ya ununuzi, mpaka kodi hiyo ilipoondolewa na ile ya ongezeko la thamani ikachukua nafasi yake mwaka 1973. Afrika Kusini nayo haikubaki nyuma: kampuni ya GSM ya Cape Town ilianza kuuza Dart, gari dogo la michezo lenye bodi ya faibaglasi, mwaka 1958.

Si kila gari la faibaglasi ni la kujiundia. Chevrolet Corvette ina bodi ya aina hiyo tangu 1953, lakini ni gari la kiwanda kikubwa, lenye namba zake na vitabu vyake vya ufundi, na maswali mengi ya ukurasa huu hayalihusu.

Magari haya hufikaje Lubumbashi, na kwa nini mengi yana usukani wa kulia?

Njia ya kawaida ni ya kusini. Beetle ziliunganishwa Uitenhage, Afrika Kusini, tangu 1951 hadi 1979, kwa hiyo gari mama halikuwa adimu huko. Na katika mji wa Port Elizabeth, ambao leo huitwa Gqeberha, zimeundwa nakala nyingi za Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960, kwa ajili ya soko la nje. Gari likitoka huko hupita Zambia hadi Kasumbalesa, mwendo wa kilomita kama 90 kabla ya kufika mjini. Afrika Kusini na Zambia huendesha upande wa kushoto, nasi upande wa kulia.

Ndani ya mji usukani wa kulia si taabu kubwa. Taabu iko kwenye barabara ya Likasi, unapotaka kulipita lori la madini ukiwa ndani ya gari ambalo kichwa cha dereva kiko sawa na kitovu cha gurudumu la lori: bila abiria wa upande wa kushoto kukuchungulia njia, huoni chochote mpaka umekwisha kujitokeza. Kuhamisha usukani kunawezekana kwenye magari yenye chasi ya Beetle, lakini pedali hufungwa ubavuni mwa handaki la sakafu, kwa hiyo chuma hukatwa na kuchomelewa upya, na dashibodi ya faibaglasi hutengenezwa nyingine. Masharti ya serikali kuhusu usukani wa kulia na umri wa magari yanayoingizwa yanaweza kubadilishwa, kwa hiyo ulizia DGDA, yaani idara ya forodha, yale yanayotumika wakati unaponunua, wala usitegemee aliyoambiwa jirani yako alipoingiza lake.

Nitajuaje kwamba bodi ni faibaglasi kweli?

Sumaku haishiki. Lakini haishiki pia mahali palipojazwa mastiki nene (lahamu ya kuzibia mashimo kabla ya rangi) juu ya bati, kwa hiyo chungulia ndani ya matao ya magurudumu au chini ya boneti: upande wa ndani wa faibaglasi hauna ulaini wa rangi, na nyuzi zake huonekana zimelala ovyo ndani ya resini iliyoganda.

Faibaglasi haishiki kutu. Je, si kusema kwamba gari litadumu bila matunzo?

Bodi haishiki kutu. Kilicho chini yake kinashika, tena kwa siri. Katika gari la bati kutu hujitangaza kwa kuvimbisha rangi, lakini bodi ya faibaglasi inaweza kung'aa kama sahani mpya huku sakafu ya chuma iliyoibeba inaliwa mwaka hadi mwaka. Maji ya mvua hukaa katikati ya bodi na sakafu, mahali ambapo muundaji alibandika ukanda wa mpira au sponji ili kuzuia kelele, na ukanda huo ukishalowa haukauki upesi hata kiangazi kikifika.

Kagua mambo haya kabla ya kutazama rangi. Inua zulia na ubonyeze sakafu kwa bisibisi, hasa mahali betri inapokaa, ambapo kwenye Beetle ni chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, kwani asidi hutoboa bati hapo kabla ya mahali pengine popote. Ikiwa chasi ni ya mabomba ya chuma, tazama upande wa chini wa kila bomba na kila kiungo kilichochomelewa. Tazama pia bolti zinazoshikilia bodi: kila moja inapaswa kuwa na washa pana au kipande cha bati kinachotawanya uzito, kwa sababu nati ya kawaida ikikazwa juu ya faibaglasi tupu huisaga taratibu mpaka tundu linapanuka na bodi inaanza kucheza. Gari ambalo mlango wake unahitaji kuinuliwa kidogo ili ufunge, mara nyingi halina ugonjwa wa mlango. Sakafu imepinda, au bolti za bodi zimelegea.

Jua nalo linakula. Gelikoti, yaani tabaka la juu lenye rangi, hupauka na kuwa na unga mweupe likiachwa nje miaka mingi. Kivuli ni bora kuliko turubai, kwa sababu turubai lisilopitisha hewa hufungia unyevu ndani, na wakati wa upepo huisugua rangi kwa vumbi letu jekundu.

Nimeona nyufa ndogo kwenye rangi. Je, bodi imekwisha?

Inategemea umbo lake. Nyufa zinazotawanyika kutoka nukta moja kama nyota huonyesha pigo, mara nyingi lililotoka ndani, kwa mfano jiwe lililorushwa na gurudumu, au bolti iliyokazwa kupita kiasi. Mistari inayokwenda sambamba huonyesha kwamba sehemu hiyo inajikunja kila gari linapopita shimoni. Nyufa za wavu, zilizoenea juu ya paneli nzima, kwa kawaida ni za gelikoti iliyopakwa nene mno au iliyozeeka, na hizo huharibu sura kuliko zinavyoharibu nguvu.

Hapa kwetu vumbi husaidia mkaguzi. Usioshe gari kabla ya kulikagua. Pitisha kitambaa kikavu tu, na vumbi litabaki ndani ya kila ufa na kuuchora kwa mstari mwekundu ambao kwenye gari lililooshwa usingeuona. Kisha weka kidole gumba kwenye kona ya chini ya nafasi ya mlango, karibu na bawaba, na mwombe mtu aufunge mlango kwa nguvu ya kawaida. Ukihisi kingo mbili za ufa zinasogeleana chini ya kidole, ufa umepita gelikoti na kuingia katika nyuzi zenyewe, na hapo ni kazi ya kujenga upya. Gonga pia paneli kwa kipini cha bisibisi: mlio mkavu ni mzuri, mlio wa kufifia humaanisha tabaka zimeachana au kuna mastiki nyingi.

Je, fundi wa kunyoosha bodi wa kawaida anaweza kuikarabati?

Anaweza, akikubali kwamba hii ni kazi tofauti na ya bati. Kosa la kawaida ni kujaza ufa kwa mastiki, kupiga msasa na kupaka rangi. Gari litapendeza kwa miezi michache, kisha ufa utarudi mahali pale pale. Ufa uliofika kwenye nyuzi husagwa mpaka ukingo wake uwe mteremko mrefu, ambao kanuni ya mafundi huupa urefu wa mara 12 ya unene wa paneli, yaani milimita 36 kila upande kwa paneli ya milimita 3. Sehemu hiyo hufutwa kwa asetoni, kisha mkeka wa nyuzi za kioo huwekwa tabaka baada ya tabaka, na inapowezekana tabaka nyingine huwekwa kwa nyuma. Mkeka wa gramu 450 kwa mita mraba, ukishalowa resini, hutoa unene wa milimita moja hivi, na huhitaji resini yenye uzito wa zaidi ya mara mbili ya uzito wake.

Majira yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Resini ya poliesta hupenda joto la nyuzi za Selsiasi kati ya 18 na 25 na hewa kavu. Asubuhi ya Juni au Julai mjini Lubumbashi ni baridi mno kwake. Resini itachelewa kuganda, na fundi atashawishika kuongeza kigumishi kupita kipimo, ambacho kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini. Mwezi wa Oktoba mambo hugeuka, resini huganda ndani ya kopo kabla brashi haijafika kwenye bodi, na kuanzia Novemba unyevu wa mvua huleta matatizo yake. Mchana wa Mei au wa Agosti ndio wakati mwema.

Ununuapo resini, soma tarehe yake, kwa sababu resini ya poliesta huharibika ndani ya kopo hata bila kufunguliwa, na joto la bohari huharakisha jambo hilo. Wauzaji ni wachache mjini na wengi huagiza kutoka kusini. Wenye magari walio Goma na Bukavu wana bahati, kwani mafundi wanaokarabati boti za faibaglasi ziwani Kivu wanaijua kazi hii vizuri.

Jambo moja halina mjadala: kigumishi hakichanganywi kamwe moja kwa moja na kiharakishi (dawa ya kuharakisha kuganda), kwa sababu vinaweza kulipuka, kila kimoja huchanganywa na resini kivyake. Kigumishi hicho kikiruka jichoni kinaweza kulipofusha. Miwani, glavu, na kinyago chenye kichujio cha mvuke ni vya lazima, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wa resini.

Kwa nini taa zangu hufifia au kuwaka zisizotakiwa?

Kwa sababu faibaglasi haipitishi umeme. Katika gari la bati bodi yenyewe ndiyo njia ya kurudi kwenye betri, na fundi wa umeme hufunga waya mweusi kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Katika gari lako skrubu hiyo imeingia katika kitu kisichopitisha umeme, na umeme hutafuta njia nyingine kupitia balbu ya jirani. Dalili yake haifichiki: unakanyaga breki, na taa ya kuonyesha upande wa kugeukia inawaka kidogo pamoja nayo.

Dawa ni kupeleka waya wa kurudi kutoka kila taa, honi na kipimo cha mafuta hadi kwenye kipande kimoja cha shaba, kisha kutoka hapo waya mnene hadi chasi, injini na upande hasi wa betri. Usisahau mdomo wa tangi la mafuta, ambao nao ufungwe waya hadi chasi ili umeme wa msuguano usitoe cheche wakati wa kujaza. Mnunuzi anayejua atawasha taa zote kwa pamoja akiwa nyuma ya gari, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi kuliko wa kuvuta kiti.

Je, ni kweli kwamba bodi hizi huungua haraka?

Resini ya kawaida ya poliesta huungua, na ikishashika hutoa moshi mweusi mzito. Chanzo mara nyingi ni mpira wa mafuta uliozeeka karibu na injini. Badilisha mipira yote, funga kila ncha kwa klipu, usiweke kichujio cha mafuta cha plastiki juu ya injini, na weka kizimamoto cha unga mahali ambapo mkono wa dereva unafika akiwa bado amefunga mkanda.

Injini yangu ya Beetle haina nguvu kama wanavyosema wenzangu wa Durban. Ni mbovu?

Huenda si mbovu. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na injini ya kabureta hupoteza hapo zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Goma na Bukavu, zilizo kwenye mita 1,500 hivi, hupoteza zaidi. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana, kwa hiyo jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi itasaidia. Usisahau kwamba injini hiyo hupozwa kwa hewa: waundaji wengi huacha nje bati na mipira inayoizunguka injini kwa sababu hazikai vizuri ndani ya bodi mpya, na injini huanza kuvuta tena hewa ile ile iliyokwisha kuipasha moto.

Carte rose (hati ya usajili) inasema Volkswagen, lakini polisi wanaona gari jingine kabisa. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloamua kama una gari au una mzigo, na kwa maoni yangu lilipaswa kuulizwa kabla ya yote yaliyotangulia. Hati hufuata namba ya chasi, na namba ya chasi ni ya gari mama. Kwenye Beetle namba hiyo imegongwa juu ya handaki la katikati, chini ya kiti cha nyuma, na namba ya injini imegongwa kwenye bloku ya injini, chini ya kigoda cha dinamo. Muundaji asiye makini huifunika namba ya chasi kwa bodi au zulia lililogundishwa, na anayefupisha chasi anaweza hata kuiharibu.

Kwa hiyo hakikisha mambo matatu yanakubaliana: namba iliyo kwenye chuma, namba iliyo kwenye carte rose, na namba iliyo kwenye hati za forodha. Namba ikiwa imefunikwa, kata dirisha dogo kwenye zulia ili isomeke bila kufungua kiti, kwani mkaguzi asiyeiona namba huanza kushuku mengine. Kisha peleka gari kwenye kontrole tekniki, yaani ukaguzi wa ubora wa gari, na uombe iandikwe wazi kwamba bodi imebadilishwa, ya aina gani na ya rangi gani, na uulizie DGI, yaani idara ya kodi, namna ya kuyaingiza mabadiliko hayo kwenye hati ya usajili. Nakala ya karatasi hiyo ikae ndani ya gari, pamoja na picha za chasi kabla bodi haijafungwa. Polisi wa barabarani anayekusimamisha kwa sababu ya umbo la gari atakuwa na jambo la kusoma, nawe hutakuwa na haja ya kueleza historia ya California ukiwa juani.

Gari lisilo na hati za gari mama, hata likiwa zuri kiasi gani, linunue kwa bei ya vipuri tu au liache.

Je, nikiagiza seti ndani ya kasha, forodha italipima kama vipuri?

Si lazima. Uainishaji wa kimataifa wa bidhaa, ambao ndio unaotumiwa na DGDA, una kanuni inayosema kwamba kitu kilichofunguliwa vipande, au ambacho hakijakamilika lakini kina sura muhimu ya kitu kamili, huainishwa kama kitu kamili. Seti yenye bodi, chasi, injini na magurudumu ndani ya kasha moja inaweza basi kuhesabiwa kama gari, chini ya kifungu 8703. Bodi peke yake iko kwenye 8707, na vipuri kwenye 8708. Anayegawanya seti moja katika mizigo kadhaa ili kukwepa kanuni hiyo atakuja kukosa karatasi ya gari zima siku ya kusajili, na hasara hiyo ni kubwa kuliko ushuru aliouepuka. OCC, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa, nayo hukagua zinazoingia, kwa hiyo orodha ya vipande iwe kamili na iandikwe kwa Kifaransa.

Kuhusu bima?

Bima ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima. Tangu sheria ya mwaka 2015 kuondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, kampuni nyingine zimeruhusiwa kuingia sokoni, na hivyo una nafasi ya kulinganisha. Ukitaka pia bima ya gari lenyewe, usikubali thamani inayotokana na umri wa gari mama, kwa sababu Beetle ya 1974 kwenye jedwali lao haina bei. Omba mtaalamu alithamini gari lilivyo, na thamani hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Nitalipangia bei gani?

Hakuna bei ya soko, kwa kuwa hakuna soko la kutosha. Wauzaji wengi huanza kwa kujumlisha risiti zote, na hapo ndipo wanapokwama, kwa sababu mnunuzi halipii saa zako za kazi wala resini uliyoitupa. Njia yenye mantiki zaidi ni kutafuta gari linalofanana linalouzwa Afrika Kusini, kuongeza usafiri, ushuru na usajili, kisha kujiuliza kwa nini mtu anunue lako badala ya hilo. Jibu zuri ni kwamba lako liko hapa, limesajiliwa, linawaka, na mafundi wanaolijua wako umbali wa simu moja. Ikiwa huwezi kusema hayo yote, bei yako ishuke chini ya ile ya gari la kusini.

Kinachopandisha thamani ni faili. Picha za chasi ikiwa tupu, risiti za breki na mabomba yake, mchoro wa waya za umeme uliochorwa hata kwa kalamu ya risasi, jina la kiwanda kilichotoa bodi, na orodha ya vipuri vilivyotoka kwenye magari mengine. Orodha hii ya mwisho ni dhahabu: mnunuzi akijua kwamba pedi za breki za mbele ni za gari fulani na beringi za nyuma ni za jingine, hofu yake kubwa, ya kukwama kwa kukosa kipuri kisichojulikana, inaondoka. Rangi mpya haileti kitu kama hicho. Kwa kweli rangi mpya kabisa kwenye gari la faibaglasi linalouzwa humfanya mnunuzi mwenye akili aulize kilichofunikwa.

Tangazo liandikwe namna gani?

Liandikwe kwa ukweli wa kuchosha. Taja gari mama na mwaka wake, ukubwa wa injini (sentimita za ujazo 1,584 kwa ile iitwayo 1600), upande wa usukani, hali ya hati, na kasoro zote zinazoonekana. Nakala iitwe nakala. Cobra halisi za miaka ya 1960 zilikuwa na bodi ya alumini, na anayeandika tu «Cobra ya 1965» kwenye gari la faibaglasi anamdanganya mnunuzi, au anajidhihirisha kwamba hajui anachouza. Weka picha ya upande wa chini wa gari na ya ndani ya matao ya magurudumu. Ndizo zitakazofunguliwa na wanunuzi wa kweli. Tangaza mwishoni mwa mvua, kati ya Mei na Agosti, kwa kuwa gari lisilo na paa halimvutii mtu mwezi wa Januari.

Mnunuzi anataka kulijaribu. Nimruhusu?

Ndiyo, ukiwa umeketi naye, baada ya kuona leseni yake na kuhakikisha kwamba bima yako inamkubali dereva mwingine. Anza wewe kuendesha. Magari haya ni mepesi, breki zake mara nyingi hazina kisaidizi, na mtu aliyezoea Prado hukanyaga pedali kwa upole na kushangaa gari linaendelea.

Mnunuzi yuko Kolwezi au Kitwe. Gari lisafirishweje?

Kwa lori, na mikanda ifungwe kwenye chasi au magurudumu. Mkanda uliopitishwa juu ya bodi huipasua kabla ya Likasi. Jeki nayo iwekwe chini ya chuma tu, na mwenye lori aonyeshwe mahali hapo kwa chaki. Kwa Zambia, hati za kutoa gari nchini na za kuthibitisha kwamba halikuibwa zikamilishwe kabla ya lori kuondoka, si pale Kasumbalesa.

Mradi wangu haujakamilika. Nimalize au niuze ulivyo?

Ikiwa kilichobaki ni umeme na breki, maliza, kwa sababu gari linalotembea hupata wanunuzi wengi zaidi kuliko rundo la vipande. Ikiwa bado hujafunga bodi, uza ulivyo: anayeona chasi tupu anaona anachonunua. Hesabu vipande, vitie kwenye makasha yenye alama, na usitenganishe injini na hati zake.

Malipo na makabidhiano yafanyike vipi?

Bei hutajwa kwa dola, na benki ndiyo mahali pa kulipana, kwa kuwa mashine yao hukagua noti. Noti yenye mpasuko, hata mdogo, utabaki nayo, kwani hapa hakuna atakayeipokea. Mkataba wa mauzo utaje namba ya chasi na ya injini, useme kwamba ni gari la kujiundia lenye bodi ya faibaglasi, uorodheshe kasoro ulizozionyesha, na utiwe saini na pande zote mbili mbele ya mashahidi, kisha uthibitishwe kwa mthibitishaji. Dhamana ya kazi ya mikono usiitoe kwa mdomo: andika kwamba gari limeuzwa lilivyo baada ya kukaguliwa.

Ubadilishaji wa jina ufanyike upesi. Mpaka carte rose itakapotoka kwa jina la mnunuzi, faini na ajali zinaweza kukurudia wewe, kwa hiyo baki na nakala ya mkataba yenye tarehe na saa ya makabidhiano, na uarifu kampuni ya bima kwa maandishi siku hiyo hiyo.